Kumi na Saba Haiingii

Msimu wa karafuu ukifika, wageni husema kisiwa chetu kinanukia. Mimi hufunga madirisha. Karafuu mbichi zikishaanikwa juu ya majamvi kando ya barabara, jua likazipiga mpaka zikaanza kuiacha rangi ya kijani, harufu yake hunishuka kooni na kukwama hapo kama kidonge kilichomezwa bila maji. Nimewasikia watu wa rika langu wakisema harufu hiyo huwakumbusha bibi zao na siku za Idi. Mimi hunikumbusha nambari.

Nambari yenyewe ni 720720. Laki saba, ishirini elfu, mia saba na ishirini. Siipendi. Naijua kama mtu anavyomjua jirani mbaya, kwa kuwa amelazimika kumchungulia miaka mingi. Nalisema hili mapema ili msomaji asitarajie kwamba mwisho tutapatana.

Na jingine niseme, maana bila hilo hamtanielewa. Mimi ni mtu wa kuhakikisha. Nikifunga mlango hurudi kuutikisa. Nikiandika ujumbe wa salamu huurudia kuusoma mpaka salamu yenyewe inapoa. Shule niliishia kidato cha nne, na hesabu ninazozijua nimejifunza mwenyewe kwa vitabu vya kuazima na simu yenye kioo kilichopasuka. Aliyejifunza mwenyewe siku zote huogopa kuna ukurasa aliouruka. Hofu hiyo naijua ilikozaliwa. Ilizaliwa mbele ya mlango wa ghala letu la karafuu.

Tulikuwa tukikaa ndani ya shamba, njia ya Wawi, katika nyumba ya miti na udongo yenye jiko la uani na ghala dogo pembeni. Shamba lilikuwa la babu yake babu yangu, na tangu afe halikugawiwa. Kwetu hilo si ajabu. Mtu hufa, watu husema tungoje msimu upite. Msimu hupita, hufa mwingine, na aibu ya kutaja mirathi mbele ya kaburi bichi huanza upya. Jamaa zetu wakachuma pamoja, wakagombana pamoja, na mikarafuu ikazidi kuzeeka. Kisha akafa baba yangu.

Nilikuwa darasa la nne. Mazishi siyakumbuki vizuri. Nakumbuka mama alivyoingia eda katika chumba cha nyuma, na tangu siku ile sauti yake ikawa inanifikia kupitia pazia. Mtoto wao nilikuwa mimi tu. Sikujua bado kwamba mtoto wa kike akiwa peke yake huchukua nusu ya alichoacha baba, mama huchukua thumni, yaani fungu moja katika manane, na kinachobaki humwendea ndugu wa kiume wa baba. Sheria sikuijua, lakini huyo ndugu nilimjua. Alikuwa Ami Faki.

Ami Faki alikuwa mtu safi. Kanzu yake haikuwa na kunjo hata akitoka kupanda gari la mizigo, na alikuwa na desturi ya kucheka kabla ya kusema neno la kuumiza, kama anayekupa nafasi ya kukinga uso. Alikuja hitma ikiwa ndiyo kwanza imekwisha. Akasimama jikoni kwetu, akautazama mkarafuu mkubwa ulio nyuma ya jiko, akasogea kwenye dirisha la chumba cha mama.

"Bi Time, pole na eda. Mimi sina haraka. Ila fungu langu nitalitaka upande huu."

"Upande huu una nyumba, shemeji," mama alijibu kutoka ndani.

"Nyumba hii udongo. Udongo wa shamba." Akacheka. "Kaka yako si yuko Makangale? Ukimaliza eda utapumzika huko."

Makangale ni kaskazini kabisa, karibu na msitu, na mjomba wangu wa huko hakuwa hata na pa kulaza kuku wake. Basi jambo lilikuwa hilo. Shamba likigawiwa kama Ami alivyotaka, sisi tunatoka.

Aliyeletwa kufanya hesabu alikuwa Shehe Hamadi wa Gando, mzee mwembamba aliyesifika kwa elimu ya mirathi. Alishinda ghalani kwetu, akiuliza majina ya waliokufa na watoto walioacha, akiandika na kufuta kwa chaki juu ya mlango wa ghala kwa kuwa ulikuwa mpana na umepakwa rangi nyeusi. Mimi nilikuwa nikichambua karafuu chini ya upenu, vikonyo huku na karafuu huku, na nilimwona akipigana na ule mlango. Alasiri alipomaliza, mlango ulikuwa umefutwa wote, na katikati imebaki nambari moja tu, kubwa, yenye tarakimu zilizosimama kama watu wanaopigwa picha.

"Kila aliyekufa asigawiwe, kaizidisha," alimweleza Ami Faki. "Kafa wa kwanza, watoto wake tukawagawa, tukazidisha. Kafa wa pili, tukazidisha. Mpaka huyu ndugu yako. Maiti ndo waliofikisha hapa."

"Na haibaki kitu?"

"Haibaki. Shamba zima ukilihesabu mafungu haya, kila mrithi atapata mafungu mazima. Hapana fungu litakalopasuliwa."

Ami Faki alirudi nyuma hatua mbili, akaitazama nambari kwa ridhaa, kama mtu anayetazama ng'ombe aliyemnunua. Kisha akaniona.

Lazima nieleze kwa nini aliniita alivyoniita. Msimu uliotangulia, mbele ya wachumaji, niliwahi kumwambia kwamba kahesabu vibaya pishi za karafuu. Nilikuwa sahihi. Tangu siku hiyo jina langu, Raya, hakulitumia tena.

"Haya, mwalimu," alisema. "Wewe unayewasahihisha watu wazima. Nambari hiyo inaingiwa na kila kitu. Nitafutie isiyoingia humo, mimi sigawi shamba."

"Kweli, Ami?"

"Shehe shahidi."

"Usimchezee mtoto, Faki," Shehe Hamadi alisema huku akipangusa chaki kwenye kikoi. Lakini hakuniambia kwamba ni mchezo. Wakaenda zao kusali, wakaniacha na mlango.

Nyinyi mliosoma wakati wangu mnalikumbuka lile jedwali la kuzidisha lililochapwa nyuma ya daftari. Lilianza na mbili likaishia kumi na mbili, na kwa mtoto wa darasa la nne pale ndipo dunia ilipoishia. Nilichukua kijiti cha ukuti, nikafagia mchanga wa uani mpaka ukawa kama karatasi, nikaanza. Mbili iliingia, hiyo niliitarajia. Tatu ikaingia. Nne, tano, sita. Tumaini langu nililiweka kwenye saba, kwa sababu shuleni saba ilikuwa haiingii popote. Mwalimu akitaka kutuaibisha alitupa kugawa kwa saba. Nikagawa polepole, nikakuta 102960, chini yake sifuri. Nikafuta, nikarudia. Sifuri. Nane ilitoa tisini elfu na tisini. Tisa ikatoa themanini elfu na themanini. Majibu yalikuwa yakijirudia kama mtu anayeniigiza kwa kebehi.

Kumi na moja iliingia. Kumi na mbili ikatoa sitini elfu na sitini, na hapo jedwali likaisha.

Sijui kama naweza kuieleza chuki niliyokuwa nayo. Mtoto mwingine angeacha akacheze. Mimi nilikuwa sili vizuri. Darasani nilikuwa nikiandika 720720 ukingoni mwa kila ukurasa, na mwalimu wa Kiswahili alinichapa kwa ajili hiyo. Niliamini nambari ile ina tundu mahali fulani, na kwamba kazi ya kulitafuta tundu hilo nimepewa mimi, na nikikosea tarakimu moja tu mama yangu atatolewa nyumbani. Ndiyo maana kila hesabu niliirudia. Ndiyo maana, nadhani, hata leo nautikisa mlango.

Wakati huohuo mama alianza kuharibika. Kwanza ilikuwa harufu. Zile karafuu tulizozianika uani, alizoishi nazo tangu kuzaliwa, zikawa zinamtoa machozi. Alfajiri nilimsikia nyuma ya pazia akitapika katika bakuli, taratibu, kama anayeficha. Bi Mkasi, jirani aliyekuwa akimtunza edani, alikuwa akilitoa lile bakuli amelifunika kanga. Nikiuliza, ananiambia, "Mama yako kala muhogo mbaya." Muhogo gani huo wa kila alfajiri?

Kisha siku moja nilifunua pazia bila kubisha hodi. Mama alikuwa amekaa ukutani. Kwa ukucha alikuwa amebandua kipande cha udongo wa nyumba, na alikuwa akikila. Alikula kwa hamu, macho yamefumba. Alipofumbua akaniona, akafuta mdomo.

"Usimwambie mtu," alisema. "Wasikia, Raya? Hata mmoja."

Nikasema nasikia. Na nikaelewa, au nikadhani nimeelewa. Udongo huliwa na maiti. Mama alikuwa ameanza kufa, na alikuwa anajua, na hakutaka Ami Faki ajue. Shehe alikuwa amekwisha kusema kwamba nambari inakuzwa na maiti. Kwa hiyo ile nambari mlangoni haikuwa inangoja kugawa shamba tu. Ilikuwa inamngoja mama ili ijizidishe.

Nikarudi mchangani. Jedwali la kumi na tatu nililijenga mwenyewe kwa kujumlisha, nikiandika pembeni. Kumi na tatu ikaingia. Nililia, kisha nikafuta machozi kwa mkono wenye mchanga, macho yakawasha, nikalia tena kwa sababu hiyo. Kumi na nne. Kumi na tano. Kumi na sita ikatoa arobaini na tano elfu na arobaini na tano, na kwa mara ya kwanza niliitukana nambari kwa sauti, tusi nililolisikia kwa wapakiaji wa magunia bandarini Mkoani. Kumi na saba nilianza bila tumaini lolote. Nikashusha, nikatoa, nikashusha, nikatoa. Nikafika mwisho, na chini hapakuwa na sifuri. Palikuwa na tano.

Nilirudia mpaka mchanga ukawa vumbi. Tano. Kila mara tano. Nilikuwa na furaha ya kutisha, furaha ya mtu aliyemkamata mwizi ndani ya nyumba, na nikasubiri siku ya kikao.

Walikaa mbele ya ghala ili mlango waone wote. Wanaume wa ukoo walikalia majamvi, Shehe Hamadi alikalia kiti, na Ami Faki alikuwa na fimbo ya kuonyeshea mipaka. Wanawake walikuwa ndani kwa mama, dirisha limefunikwa pazia. Ami alikuwa ameshaanza kusema kwamba mstari wa fungu lake utapita kwenye mkarafuu ule mkubwa, ukate uani, utokee barabarani, nami nikasimama mbele ya watu wazima nikiwa na kijiti changu.

"Ami, nimeipata."

"Umepata nini, mwalimu?"

"Kumi na saba. Haiingii. Inabaki tano. Umesema ikipatikana hugawi."

Wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya wote. Mmoja alinisifu, "Mashaallah, ina kichwa hii." Ami Faki alicheka kuliko wote, na nilijua kinachofuata.

"Kwani hapa kuna mrithi wa kumi na saba?" aliuliza. "Mwaniona nina kumi na saba ya kitu? Kajifungie na tano zako, mtoto wa kike. Hebu mwondosheni."

Mtu akanishika bega. Nadhani kama angenishika mkono ningeondoka. Lakini bega ndipo baba alipokuwa akinishika, nami nikaanza kupiga kelele maneno ambayo nilikuwa nimeahidi kuyafungia.

"Msigawe. Akifa mtu inazidi, Shehe kasema. Na mama anakufa. Anatapika kila alfajiri. Anakula udongo wa ukuta, nimemuona."

Hakuna aliyecheka. Nyuma ya pazia nilisikia mtu akivuta pumzi, na baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwa mama. Wanaume wakatazama miguu yao. Shehe Hamadi aliweka chaki chini.

"Faki," alisema, "si nilikuuliza kama mjane ana tumbo?"

"Ukaniuliza, nikakujibu."

"Ukanijibu hana."

"Nilijibu ninavyoona."

"Umemwona wapi, naye yuko edani?"

Ami Faki alichora kitu kwenye mchanga kwa fimbo yake. "Shehe, wajane wengi hupata matumbo wakisikia mirathi."

"Na mashemeji wengi hupata haraka wakisikia eda," sauti ya Bi Mkasi ilitoka dirishani. "Tumbo lipo. Mkitaka mkunga, nitawaitia."

Shehe Hamadi akainuka. Alitema mate kidogo kiganjani, kama afanyavyo mtoto wa chuo cha Kurani akifuta ubao, akafuta tarakimu ya mwisho, kisha ya mbele yake, mpaka mlango ukabaki na doa la kijivu. Nilikuwa nimeitukana, nimeisaka, nimeitoboa, na mzee wa watu kaiua kwa mate. "Hesabu hii ina mtu hayumo," alisema. "Akizaliwa wa kiume, wewe Faki kwa ndugu yako huna kitu. Akizaliwa wa kike, fungu lako linapungua. Asipozaliwa hai, nitarudi niandike ileile. Mpaka hapo, tumbo lina haki yake, na sisi tunangoja."

Mngedhani nilisifiwa. Jioni ile mama aliniita nyuma ya pazia na hakunipiga. Afadhali angenipiga. Kwetu mimba changa haitajwi, hata kwa rafiki, seuze kwa mtu ambaye uhai wa mtoto huyo ni hasara kwake. Mama alikuwa amejifunga kimya ili mtoto akue bila kuonwa. Alikuwa tayari apoteze shamba, lakini mtoto asitazamwe na jicho la Ami Faki.

"Umemtoa tumboni kabla ya siku zake," aliniambia, "ukamuweka mbele ya Faki kwenye jamvi."

"Nilidhani unakufa."

"Ungeniacha nife kimya."

Hakusema nami kwa wema tena mpaka alipojifungua. Alifukiza, alivaa hirizi, alimuita mwalimu wa kusoma, na kila tumbo lilipombana alinitazama mimi. Na Ami Faki alikuwa akipita kila Ijumaa kuuliza hali, amevaa kanzu isiyo kunjo. "Bi Time, hajambo huyo aliyemo?" Akicheka. Mama akisikia mlio wa baiskeli yake alikuwa akigeukia ukuta.

Alizaliwa msichana, mzima, mwenye sauti kubwa. Mama alipoambiwa ni wa kike alishukuru kwa namna ambayo sikuitarajia. "Angekuwa mwanamume," alisema, "wangetuua."

Akaitwa Salma. Shehe Hamadi alirudi na chaki yake, akaizidisha nambari kwa tatu, ikawa 2162160, kwa sababu sasa palikuwa na mabinti wawili wa kugawana thuluthi mbili, na mafungu ya baba yangu yalikuwa hayapasuki vizuri kwa hesabu ya zamani. Fungu la Ami Faki likapungua. Mstari ukasogea, ukaishia ng'ambo ya mkarafuu mkubwa. Jiko letu likabaki letu.

Ami Faki aliutazama mlango, akaitupa fimbo.

"Sigawi," alisema.

Na hakugawa. Alitimiza ahadi yake kwa njia aliyoijua yeye. Shamba lilibaki la wote, yaani la vita. Kila msimu wachumaji wake walianzia kwenye miti iliyo karibu na dirisha letu. Mvua ikitishia, watoto wake walianua majamvi yao na kuyapitia yetu kwa miguu. Salma naye Ami alimpa jina, Kipunguzo. "Njoo, Kipunguzo, mwamkie Ami." Naye alikuwa akimkimbilia akicheka, akidhani ni jina la mapenzi, mpaka alipofika darasa la tatu akajifunza kutoa.

Mimi niliendelea na nambari yangu ya kwanza. Wengine wana ugonjwa wa kukwaruza kidonda. Nilipopata simu niliisoma kila nilipoweza. Nikajua kwamba 720720 ndiyo nambari ndogo kuliko zote inayogawika kwa kila kitu kuanzia moja mpaka kumi na sita, na kwamba hakuna iliyo ndogo kuliko hiyo yenye vigawanyo vingi kama vyake, mia mbili na arobaini. Nikajua kwa nini saba ilinisaliti. Nambari ile ni mia saba na ishirini iliyoandikwa mara mbili mfululizo, na nambari yoyote ya tarakimu tatu ukiiandika hivyo umeizidisha kwa elfu moja na moja. Elfu moja na moja ni saba mara kumi na moja mara kumi na tatu. Ndiyo kusema zile tatu nilizozitumainia mchangani zilikuwa zimekwisha kuingia kabla sijashika kijiti. Nikajua pia kwamba kinachohesabiwa si vichwa vya warithi bali mafungu yao, kwa hiyo kicheko cha Ami Faki kilikuwa cha ujinga kama kilio changu. Hilo lilinipa raha kidogo.

Lakini raha kubwa ilikuwa kumi na saba. Watu wana aya wanazojikinga nazo, wana majina ya wazee wao. Mimi, pamoja na aya zangu, nilikuwa na kumi na saba. Nikiwa katika foleni ya hospitali, nikiwa nimekosea kitu kazini, niliigawa 720720 kichwani mpaka ile tano itokee chini. Palikuwa na nambari moja duniani ambayo Ami Faki alisema inaingiwa na kila kitu, nayo ikamkatalia.

Amekufa msimu huu, karafuu zikiwa majamvini. Nilikwenda matangani, nikakaa na wanawake, nikala wali wake. Sikulia. Baada ya hitma mwanawe mkubwa, Kombo, alikuja nyumbani, akavua viatu, akakaa kwenye ukingo wa kiti kama mkopaji.

"Dada Raya, twataka kugawa. Shamba lote, tangu wazee. Jiko lenu hatulitaki, usitie wasiwasi. Twataka kila mtu ajue miti yake, tusizikane na ugomvi."

"Shehe Hamadi kafa."

"Twakutaka wewe. Kadhi atathibitisha, lakini hesabu ifanye wewe."

"Mwajua siwapendi."

"Twajua. Ndo maana. Mtu asiyetupenda hatampendelea mmoja wetu." Akatabasamu, na tabasamu halikuwa la baba yake. "Na kukosea huwezi, hata ukitaka. Kisiwa kizima kinajua."

Niliketi mezani baada ya adhuhuri, mama amelala chumbani, Salma akichambua mchele karibu nami. Nilianza na 2162160. Nilimuingiza Ami Faki katika safu ya maiti, mahali pake, na kukiri kwangu ni huku: nilitaka kukosea. Fungu moja tu katika milioni mbili, nani angejua? Mkono haukukubali. Nikaorodhesha warithi wake. Wajane wawili wagawane thumni. Watoto wa kiume saba, wa kike watatu. Wa kiume huhesabiwa mawili, wa kike moja. Kumi na nne, na tatu.

Nikaacha kalamu.

Nikarudia kuhesabu watoto wake kwa majina, labda nimemzidisha mmoja. Nikamuuliza Salma, akawataja kwa mpangilio wa kuzaliwa, wote walewale. Kumi na saba. Fungu lake lilikuwa haligawiki kwa kumi na saba, nililijaribu kwa njia tatu, na dawa ilikuwa moja tu, ileile aliyoieleza Shehe Hamadi mbele ya mlango. Kila aliyekufa asigawiwe, kaizidisha. Nikaizidisha nambari ya shamba kwa kumi na saba. Ikawa 36756720.

Kisha, kwa kuwa mimi ni mtu wa kuhakikisha, nikaigawa tena kwa kumi na saba. Nikashusha, nikatoa, nikashusha, nikatoa, polepole, kama mchangani. Nilikuwa naijua tano yangu itakapotokea. Nilipofika mwisho palikuwa na sifuri.

"Inabaki ngapi?" Salma aliuliza bila kuinua uso. Wanawe wote wa Ami Faki wamekuwa wakimwita Kipunguzo, na bado aliwataja kwa upole.

"Haibaki kitu," nikasema. "Kaingia."